Mlee Mama, Mama Alee Watoto

Ukikuta watoto wa mbwa wamelala peke yao kwenye mtaro mkavu, chini ya kibanda cha mama mboga au nyuma ya rundo la matofali, usiwabebe. Mama yao karibu kila mara yuko hai. Ameenda jalalani au buchani kutafuta chochote cha kutia tumboni, na atarudi. Kaa mbali, hata mita 30, na usubiri saa mbili tatu. Watoto walioshiba, walio na joto, waliorundikana pamoja, wanaweza kungoja muda huo bila kudhurika. Wa kuchukuliwa papo hapo ni wale walio baridi ukiwagusa, wanaolia mfululizo, walionyeshewa, au walioingiliwa na siafu.

Naanza na hili kwa sababu ndilo kosa linaloua wengi. Mtu mwenye huruma anabeba watoto sita kwenye kikapu, anawapeleka nyumbani, anawapa maziwa ya ng'ombe, na baada ya siku nne amebaki na wawili. Mama naye amebaki mtaani na matiti yaliyojaa, na miezi michache baadaye ana mimba nyingine. Hakuna mlezi, hata awe hodari vipi, anayeweza kufanya robo ya kazi ya mbwa jike mwenye afya. Yeye ana maziwa sahihi, joto sahihi, ulimi wa kusafisha, na anaamka usiku kucha bila kulalamika. Kazi ya mlezi wa muda ni kumlisha, kumtuliza na kumlinda ili yeye afanye kazi yake.

Kumkamata kunataka subira. Jike la mtaani lenye watoto ni kali hata kama jana lilikuwa likitikisa mkia. Mpe chakula chenye harufu, maini yaliyochemshwa au dagaa, mahali pale pale na saa ile ile kwa siku mbili tatu. Kisha weka watoto upande wa nyuma wa kreti la kubebea mbwa, mlango ukiwa wazi, yeye awaone na kuwasikia. Wengi huingia wenyewe. Funga, funika kreti kwa shuka, na gari liende polepole. Kabla ya kuondoka, pekua pango upya kwa tochi, si kwa mkono mtupu, maana nyoka nao hupenda mashimo hayo. Mbwa huhamisha watoto mmoja mmoja kwa mdomo, na kama alikuwa ameanza kuhama, kuna wengine mahali pengine. Mama anayevuta kwa nguvu kuelekea upande mmoja huku akilia, mfuate.

Jambo la kichaa cha mbwa halina mjadala. Ugonjwa huu bado unaua watu Kenya, Tanzania na kwa majirani zetu, na karibu visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Historia ya mama huyu huijui. Vaa glavu nene, na mtoto wa nyumbani asiwe msaidizi wa kumkamata. Akikung'ata au akikuparuza kwa jino, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uanze chanjo. Usisubiri uone kama mbwa ataugua. Mama mwenyewe aangaliwe kwa siku 10 bila kukutana na mbwa wengine, na daktari wa mifugo aamue siku ya kumchanja.

Sasa chumba. Kiwe kidogo, kitulivu, mbali na mlango wa mbele na mbwa wengine wa nyumba. Stoo iliyosafishwa, chumba cha dobi au banda lenye sakafu ya saruji vinafaa sana. Sanduku la kulelea watoto fundi seremala anaweza kulitengeneza kwa plaiwudi kwa saa chache: sentimita 120 kwa 120 kwa mbwa wa kawaida wa mtaani wa kilo 15 hadi 20, kuta za sentimita 40 hivi, na mlango upande mmoja wenye kizingiti cha sentimita 15, mama avuke, watoto wasivuke. Ndani mwambie apigilie ubao au bomba pande zote, sentimita 10 kutoka sakafuni na sentimita 10 kutoka ukutani. Mafundi wengi huuliza kazi ya ubao huo. Mama akijilaza ubavu akiegemea ukuta, mtoto aliyebanwa nyuma yake hupata nafasi ya kupumua. Bila ubao huo anakufa kimya, kwa sababu mtoto wa siku mbili hana nguvu ya kujitoa chini ya kilo 18.

Tandika magazeti mengi chini, juu yake blanketi laini lisilo na nyuzi za kujifunga. Taulo za zamani zenye vitanzi hunasa kucha za watoto. Vumbi la mbao liwekwe mbali kabisa, linaingia puani na machoni. Matandiko yabadilishwe kila siku, wiki ya kwanza hata mara mbili.

Matandiko hayo ukiyaanika nje, yapige pasi. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa na kwenye mchanga wenye mkojo, na mabuu yake huingia kwenye ngozi ya mtoto wa mbwa kama anavyofanya kwa binadamu. Utaona vijipu vyenye tundu dogo katikati, na ukitazama vizuri kuna kitu kinachezacheza. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya tundu, funza akose hewa na ajitokeze, kisha kamua taratibu kutoka pande zote mbili. Akipasukia ndani, kidonda huchafuka. Mtoto mwenye vijipu vingi ni wa daktari, kwa sababu mwili mdogo hauhimili vidonda kumi kwa mpigo.

Adui mwingine ni siafu. Wanakuja usiku, hasa baada ya mvua, na wakifika kwenye sanduku mama anaweza kuruka nje lakini watoto hawawezi. Inua sanduku juu ya miguu minne, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji na tone la sabuni ya maji, na hakikisha blanketi halining'inii likagusa sakafu, maana hilo ndilo daraja lao. Majivu kuzunguka banda husaidia yakiwa makavu tu. Usimwage dawa ya kuua wadudu karibu na watoto.

Joto ndilo suala ninalotaka kulikalia zaidi. Mtoto wa mbwa anazaliwa bila uwezo wa kutetemeka. Uwezo huo haujitokezi kabla ya takribani siku ya sita. Wiki ya kwanza joto la mwili wake ni nyuzi 35 hadi 37 tu, wakati mama yake ana 38 hadi 39. Hewa inayomzunguka inatakiwa iwe nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza, ishuke hadi 26 au 27 wiki ya pili na ya tatu, na kuanzia wiki ya nne nyuzi 22 hadi 24 zinatosha. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hali ya hewa yenyewe inakufanyia kazi hiyo, na shida inakuwa kinyume: mama anahema, anatoka sandukuni, ananyonyesha kwa vipindi vifupi. Hapo mpe kona ya saruji tupu ya kulala na feni inayozungusha hewa ya chumba bila kuelekezwa kwenye sanduku. Lakini Limuru, Njombe au Arusha mwezi Julai, usiku ukishuka hadi nyuzi 10 au 12, watoto wanaweza kupoa ndani ya muda mama anaotoka kujisaidia.

Chupa za plastiki za lita 1.5 zilizojazwa maji ya moto kiasi mkono unavyovumilia, zikazungushiwa taulo, hutoa joto kwa saa mbili tatu. Ziwekwe upande mmoja tu wa sanduku, ili mtoto aliyezidiwa na joto aweze kujikokota kwenda upande wa pili. Balbu ya joto iliyotundikwa juu ni nzuri umeme ukiwepo, lakini uwe na chupa tayari, kwa sababu umeme unajua kukatika saa nane usiku. Pima joto kwa kipimajoto kilicholala pale watoto wanapolala, si ukutani. Na jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba hicho, hata kwa dakika 10, hata dirisha likiwa wazi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mapafu ya mtoto wa gramu 300 ndiyo yatakayoshindwa kwanza.

Watoto wenyewe watakuambia. Wakilala wamerundikana mmoja juu ya mwingine huku wanalia, wana baridi. Wakitawanyika kila mmoja kona yake, midomo wazi, wana joto. Wakilala sambamba wakigusana, kimya, miguu ikirukaruka usingizini, uko sawa. Kurukaruka huko kusikutishe, ndivyo misuli yao inavyofanya mazoezi. Cha kutisha ni mtoto asiyerukaruka.

Siku tatu za kwanza mama aachwe. Ingia kumpa chakula, maji, kubadili matandiko na kupima watoto uzito, kisha toka. Kaa ubavu ukitazama chini, usimkodolee macho, usiinamie sanduku. Zungumza kwa sauti ile ile kila unapoingia. Wageni wanaotaka kuona watoto wasubiri wiki tatu. Mama aliyetoka mtaani, akiona msururu wa watu, anaweza kubeba watoto huku na huko, kuwalalia, au hata kuwauma. Ukimchukua mtoto kumpima, mpe mama kipande cha ini upande wa pili, na mtoto arudi ndani ya dakika moja akiwa na harufu ile ile. Usijipake manukato. Kumwogesha mama kwa sabuni yenye harufu kali wiki ya kwanza ni kosa: watoto hutafuta chuchu kwa pua. Kama ni mchafu sana, futa chuchu na tumbo kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu tu.

Baadhi ya mama hawatoki sandukuni hata kwenda haja. Mfunge mshipi, umtoe dakika tano mara nne kwa siku, kisha arudi.

Mizani ya jikoni ya dijitali, inayosoma gramu moja moja, ndiyo kifaa cha thamani kuliko vyote katika kazi hii. Weka bakuli juu yake, tandika kitambaa, irudishe sifuri, pima kila mtoto asubuhi na jioni kwa siku 14 za kwanza, na uandike kwenye daftari. Mbwa wetu wa mtaani kwa kawaida huzaa watoto wa gramu 250 hadi 400. Mtoto anaweza kupungua hadi asilimia 10 ndani ya saa 24 za kwanza. Baada ya hapo aongezeke asilimia 5 hadi 10 kila siku, na uzito wa kuzaliwa uwe umezidishwa mara mbili kati ya siku ya 7 na ya 10. Aliyezaliwa na gramu 320 anaweza kuwa 300 kesho yake, lakini siku ya tatu awe amerudi 320, na siku ya 10 awe karibu na 640. Mizani inaona tatizo nusu siku au zaidi kabla ya macho yako. Mtoto ambaye hakuongezeka gramu hata moja kati ya asubuhi na asubuhi ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama anaonekana mnene. Wanaofanana rangi wapunguzie manyoya kidogo kwa mkasi: mmoja begani, mwingine nyongani, wa tatu mgongoni. Nyuzi za rangi shingoni ni hatari, shingo hukua haraka kuliko unavyokumbuka kulegeza.

Kama mama amejifungulia mikononi mwako, vitovu vichovye kwenye iodini mara moja. Vitakauka na kudondoka baada ya siku tatu hadi tano. Hakikisha kila mtoto amenyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 12 za kwanza. Baada ya saa 24 utumbo wake hufunga mlango na kinga iliyomo kwenye dang'a haipiti tena. Wale wanyonge washikishe chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi zaidi, wakati wenzao wenye nguvu wamelala.

Mtoto akipoa na kulegea, watu hukimbilia maziwa. Hapo ndipo wanapomuua. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 34 hivi utumbo unasimama. Maziwa yanachachuka tumboni au yanarudi na kuingia mapafuni. Joto kwanza, maziwa baadaye. Mweke kifuani chini ya nguo, ngozi kwa ngozi, au kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, na umgeuze kila dakika chache. Mpashe polepole, saa moja hadi tatu. Kumtumbukiza kwenye maji ya moto kunavuta damu kwenda kwenye ngozi wakati moyo unaihitaji. Wakati huo mpake tone la asali au maji ya sukari kwenye ufizi, sukari ya damu huwa imeshuka pia. Akianza kujitikisa, kutafuta kwa mdomo na kunyonya kidole chako, mrudishe kwa mama. Asiponyonya, ndipo chupa.

Maziwa ya ng'ombe hayafai kumkuza mtoto wa mbwa. Yana protini takribani asilimia 3 na mafuta asilimia 4, wakati maziwa ya mbwa yana protini asilimia 7 au 8 na mafuta karibu 9, na sukari ya maziwa pungufu kuliko ya ng'ombe. Kwa hiyo mtoto anaharisha na kudumaa kwa wakati mmoja. Tafuta maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kwa daktari wa mifugo au duka la vyakula vya wanyama. Usiku yakikosekana, changanya mililita 250 za maziwa yenye mafuta yake yote, viini viwili vya yai bila ute, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mahindi. Chuja, pasha hadi nyuzi 38. Hiyo ni ya siku moja au mbili, isigeuzwe mazoea.

Mtoto anyonyeshwe akiwa amelalia tumbo, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama. Usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yataingia njia ya hewa, na nimonia ya maziwa huua ndani ya siku mbili. Tumbo lake linachukua takribani mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, basi mtoto wa gramu 300 asipewe zaidi ya mililita 12 kwa mlo, kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku pia. Maziwa yakitoka puani, simama. Baada ya mlo kama mama hamlambi, mpapase sehemu za chini kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Mpaka wiki ya tatu hivi hawezi mwenyewe.

Turudi kwa mama, kwa sababu yeye ndiye injini. Jike la mtaani hufika limekonda, na kishawishi ni kulijaza chakula siku ya kwanza. Tumbo lililozoea njaa likipokea kilo moja ya nyama kwa mpigo litaharisha, na maziwa yatapungua. Siku tatu za kwanza mpe milo midogo mitano au sita. Kisha ongeza mpaka ale anavyotaka. Mahitaji yake hupanda hadi wiki ya tatu au ya nne, yakifikia mara mbili hata mara nne ya kawaida kulingana na idadi ya watoto. Mbwa wa kilo 15 ambaye kwa kawaida angetosheka na gramu 250 za chakula kikavu anaweza kuhitaji gramu 600 hadi 700 akiwa na watoto sita. Chakula cha watoto wa mbwa ndicho kinachomfaa, kina nguvu na madini zaidi.

Wengi wetu hatumudu chakula cha mifuko kwa wiki nane. Ugali na mchuzi hautoshi. Tumbo linajaa lakini maziwa hayajengeki. Pika wali au ugali sehemu moja, na nyama, matumbo au dagaa sehemu mbili. Dagaa waloweke na kumwaga maji ili chumvi itoke. Wana faida ya mifupa yao midogo yenye kalisi, yaani kalsiamu. Ukipika nyama tupu isiyo na mfupa, ongeza unga wa maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya chakula. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Makombo ya pilau na mchuzi wenye vitunguu yaachwe: kitunguu huvunja chembe za damu za mbwa. Maji yawe tele, lakini sufuria likae nje ya sanduku, watoto huzama kwenye maji ya kina cha vidole viwili.

Yako mambo matatu ya kumkimbiza kwa daktari. La kwanza ni homa ya maziwa, ile ile wafugaji wa ng'ombe wanayoijua, ingawa mbwa huwa na joto kali badala ya kupoa. Kalisi imekwisha katika damu, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya nne, hasa kwa mbwa mdogo mwenye watoto wengi. Anaanza kuhangaika na kuhema, hajali watoto, anatembea kama miguu imekauka, kisha misuli inatetemeka na degedege linafuata. Hiyo ni dharura ya saa, si ya kesho. Watoto watolewe, mama apelekwe, na kalisi iingizwe polepole mshipani na daktari akisikiliza moyo. Mbwa mjamzito asipewe vidonge vya kalisi eti kwa kujikinga. Mwili ukizoea kuletewa kalisi husahau kuitoa kwenye mifupa siku maziwa yanapoihitaji.

La pili ni titi lililovimba: gumu, la moto, jekundu au la zambarau, maziwa yenye usaha au damu, mama anamng'akia mtoto anayeligusa. Kagua matiti yote kila asubuhi kwa kiganja. Likiwa gumu tu bila homa, kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na uwaelekeze watoto hapo. Likigeuka rangi, ni dawa za daktari. Kucha za watoto huchangia, zinakwaruza wanapokanda titi, hivyo zikate ncha kila wiki kwa kikata kucha cha kawaida.

La tatu ni uchafu wa ukeni. Majimaji ya kijani kibichi siku ya kuzaa, kisha ya rangi ya kahawia au nyekundu kwa wiki kadhaa, ni kawaida yakizidi kupungua. Yakinuka, na joto likapita nyuzi 39.5, na mama akaacha kula, huenda kuna kondo au mtoto aliyebaki ndani.

Viroboto na kupe watakuwepo. Mtoto wa gramu 400 ana damu isiyofika mililita 40, kwa hiyo viroboto pekee wanaweza kummaliza. Mfunue mdomo: fizi ziwe za waridi, zikiwa nyeupe kama karatasi damu imekwisha. Dawa ya josho la ng'ombe, ambayo wengi wana chupa yake nyumbani, isiguse mama anayenyonyesha wala watoto. Kipimo cha ng'ombe huua mtoto wa mbwa usiku huo huo, na mama huilambia tumboni. Tumia chanuo la meno membamba na bakuli la maji ya sabuni, kila siku. Muulize daktari dawa salama ya mama, umtaje kuwa ananyonyesha.

Minyoo nayo haingoji. Minyoo ya mviringo hupita kwenye kondo la mama, na safura hupita kwenye maziwa, kwa hiyo watoto huzaliwa nayo au huipata siku za kwanza. Wapewe dawa wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, na mama siku hizo hizo. Pairanteli hutolewa miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Ndiyo maana mizani inarudi tena hapa. Okota kinyesi kila siku. Mayai ya minyoo hiyo yakimwingia mtoto wa binadamu anayecheza mchangani, mabuu yanaweza kufika hadi kwenye jicho.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio wiki ya tatu. Jicho lililovimba kabla halijafunguka lina usaha nyuma ya kope. Lifute kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na umwone daktari, usilipasue. Wiki ya tatu na nusu au ya nne, chakula kikavu cha watoto kiloweke kwa maji ya uvuguvugu mpaka kiwe kama uji mzito, ukitandaze kwenye sinia. Watakanyaga, watapaka masikioni, kisha mmoja atagundua na wengine watamfuata. Milo minne kwa siku, kila siku nne uji uwe mzito zaidi. Mama apewe jukwaa au benchi la kukimbilia, meno ya watoto sasa yanamuumiza.

Ugonjwa wa parvo, ule wa kutapika na kuharisha damu, ndio unaonitia hofu kuliko mengine yote. Kirusi chake hudumu ardhini miezi mingi, na mama wa mtaani huenda hajawahi kuchanjwa. Viatu vya nje visiingie chumbani. Weka kandambili za mle ndani tu. Sakafu isafishwe kwanza kwa sabuni, kisha dawa ya klorini ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu 20, ikae dakika 10. Ukiimwaga juu ya uchafu haifanyi kazi. Chanjo ya kwanza wiki ya 6 hadi 8, kisha kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu. Kampeni za chanjo ya bure hufanyika sehemu nyingi kuelekea tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Ulizia ofisi ya mifugo iliyo karibu.

Kuanzia wiki ya tatu mpaka ya 12 mtoto anajifunza dunia ikoje. Mpe dunia atakayoishi: mlio wa bodaboda, redio, mwavuli unaofunguka, mtu wa kofia, mama wa buibui, mzee wa bakora, mtoto wa sare za shule, mkokoteni. Dakika tano kwa siku, na kila jambo jipya lije na kipande cha chakula. Asiyemwona mwanamume kwa wiki hizo anaweza kuja kuwabwekea wanaume maisha yake yote.

Kwenye mitaa ya Waislamu, hasa pwani, fikiria twahara ya nyumba na ya majirani tangu siku ya kwanza. Wengi pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Banda liwe mbali na njia ya kwendea msikitini, tenga nguo za kazi hiyo na vyombo vyake, na mwambie jirani mapema kabla hajasikia kelele. Wako wengi wanaoikumbuka hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani kumchotea maji mbwa mwenye kiu, nao watakusaidia kupata makombo ya nyama.

Watoto wasiondoke kabla ya wiki nane. Anayeomba mlinzi wa kufungwa mnyororo, mnyime. Anayekubali kukuonyesha ua, uzio na mahali mtoto atakapolala, mfikirie. Mama akiachishwa, siku ya kwanza punguza chakula chake hadi nusu, kisha umrudishe taratibu kwenye kiwango cha kawaida ndani ya siku tano, na usimkamue. Kukamua kunauambia mwili utengeneze zaidi. Matiti yakishakauka na kurudi mwilini, wiki mbili hadi nne baadaye, mpeleke afungwe uzazi. Jijini Nairobi shirika la kutetea wanyama la KSPCA hufanya kazi hii, na miji mingine ina madaktari wa mifugo au mashirika ya wanyama wanaoifanya. Mpeleke na njaa ya saa 8 hadi 12, na akirudi nyumbani akute kona yake ile ile, blanketi lile lile, sufuria lake la maji. Nyumba ya kumchukua mama anza kuitafuta mapema, siku ile ile unayoanza kutafuta za watoto, kwa sababu wao huchukuliwa kwa wiki mbili na yeye husubiri miezi.